Nyasi za Butula: Hukumu Hupotelea Wapi?

KIPINDI CHA LEO: Historia ya sheria na adhabu ya ubakaji mpakani, Busia na Tororo.

TAHADHARI: Kipindi hiki kinazungumzia ubakaji na unajisi wa watoto. Ikiwa mada hii ni nzito kwako leo, si vibaya kuahirisha. Namba za kupiga kupata msaada ziko mwishoni.

(Muziki wa kufungua kipindi. Unapanda, kisha unafifia.)

MSIMULIZI:  

Kuna swali ambalo hukosi kulisikia kila mara mahakama inapotoa hukumu ya kesi ya ubakaji. Utalisikia sokoni, matangani, na kwenye kituo cha boda boda. Swali lenyewe ni fupi: "Hiyo tu?" Miaka minane tu? Miaka kumi tu? Mtoto ameharibiwa maisha, na huyu atatoka akiwa bado kijana?

Hasira hiyo ina sababu. Leo hatutakuambia uizime. Tutakuomba uifuate nyuma, mpaka mahali inakotoka, kwa sababu historia ya mpaka huu ina jambo la kutufundisha: mara nyingi adhabu hupotea kabla kesi haijamfikia hakimu. Hupotelea kwenye meza ya polisi, au chini ya mwembe wa wazee, au kwenye neno moja lililoandikwa vibaya.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Tuanze Butula, Kaunti ya Busia, Juni 2013.

Msichana wa miaka 16 alikuwa akirudi nyumbani usiku kutoka kwenye mazishi ya babu yake. Kundi la wanaume lilimvamia, likambaka, kisha likamtupa katika shimo la choo. Walitajwa kuwa sita. Aliumia vibaya mgongoni, na akapata nasuri, yaani jeraha la ndani linalomfanya mwanamke ashindwe kuzuia haja. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Magazeti yalimpa jina la Liz ili kulinda jina lake la kweli, nasi tutalitumia hilo hilo.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Wanakijiji hawakukaa kimya. Watatu kati ya waliotuhumiwa walikamatwa wakafikishwa kwa polisi. Jamii ilifanya kazi yake. Na polisi wakawafanya nini? Waliwaamuru wafyeke nyasi kwenye uwanja wa kituo, kisha wakawaachilia waende zao.

Hakuna hakimu aliyetoa adhabu ile, wala haimo katika kitabu chochote cha sheria. Wale watu hawakufikishwa mahakamani hata kidogo.

Mambo yalikaa hivyo kwa miezi. Oktoba 2013 mwandishi Njeri Rugene aliifichua habari hiyo katika gazeti la Daily Nation. Nchi ikachemka. Nebila Abdulmelik, wa mtandao wa wanawake wa Afrika uitwao FEMNET, alianzisha ombi la kudai haki, na zaidi ya watu milioni moja kutoka pembe zote za dunia wakatia sahihi. Tarehe 31 Oktoba 2013 waandamanaji walitembea Nairobi mpaka makao makuu ya polisi, wakamtaka Inspekta Jenerali David Kimaiyo awajibike. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, naye akataka hatua zichukuliwe.

Tutarudi Butula. Lakini kwanza jiulize: je, nyasi zilifyekwa kwa sababu Kenya ilikuwa na sheria dhaifu? Ili kujibu, inabidi turudi nyuma zaidi.

(Sauti za soko la mpakani: magari, wachuuzi, kengele ya baiskeli. Zinafifia.)

MSIMULIZI: Unajua kwamba neno boda boda lilizaliwa hapa kwetu. Vijana wa baiskeli waliwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, wakiita "boda, boda". Mpaka huu ni wa karatasi kuliko wa watu. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa jimbo la mashariki la Uganda la wakati huo na kuliunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso wakajikuta pande zote mbili. Wasamia vilevile. Shangazi yuko Tororo, mpwa yuko Busia.

Sheria za jinai nazo zilitoka chungu kimoja. Mwaka 1930 Kenya na Uganda zote zilianza kutumia Kanuni mpya za Adhabu, zilizoandikwa kwa kielelezo kimoja kutoka London. Katika Kenya, kanuni hiyo ilikuja kusema kwamba mbakaji anaweza kufungwa maisha. Angalia neno "anaweza". Kiwango cha juu kilikuwepo, cha chini hakikuwepo. Hakimu mmoja angeweza kutoa miaka mingi, na mwenzake wa wilaya ya jirani, kwa kosa lile lile, akatoa miaka michache.

Na si sheria iliyoandikwa peke yake iliyotawala vijijini. Kulikuwa na sheria ya mila. Katika jamii nyingi za eneo hili, msichana akibakwa, kikao kiliitwa, na jambo lililotazamwa lilikuwa hasara ya baba yake au mume wake. Mifugo ikatolewa. Amani kati ya koo mbili ikarudi. Mara nyingine msichana mwenyewe aliozwa kwa aliyemtendea uovu, na ikahesabiwa kuwa mambo yameisha.

Tusiwadharau wazee wetu. Waliogopa visasi, na walitaka koo ziendelee kuishi pamoja. Lakini katika kikao kile nani alimuuliza msichana? Mbuzi alikwenda kwa baba. Maumivu yalibaki kwake.

Kikao hicho hakijafa. Kinaitwa majina mengine siku hizi, na malipo yake hutumwa kwa simu, lakini kazi yake ni ile ile.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Sasa tuvuke mpaka, twende upande wa Tororo.

Mwaka 1990 Uganda ilichukua njia ya ukali. Ilipandisha umri wa ulinzi wa msichana kutoka miaka 14 hadi 18, na ikatangaza kwamba anayemnajisi msichana wa chini ya umri huo anaweza kuhukumiwa kifo. Ukimwi ulikuwa ukiua watu kila kijiji, na wazazi walikuwa na hofu ya kweli. Wengi walisema: afadhali, sasa watoto watapona.

Kilichofuata kilikuwa na kasoro ambayo wengi hawakuitazamia. Kosa linaloweza kuleta kifo husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Mahakama Kuu haiko kila mji, na kesi zake husikilizwa kwa vikao vinavyopangwa kwa zamu. Kwa hiyo adhabu ilipokuwa nzito zaidi, mahakama nayo ilikwenda mbali zaidi na mama wa kijijini. Mshtakiwa alikaa rumande akingoja. Mashahidi walichoka, wengine wakahama. Na familia, ikimtazama kijana wa jirani ambaye huenda akanyongwa, ilishawishika haraka kuchukua ng'ombe na kunyamaza. Wako pia wavulana wa miaka 18 au 19 waliotupwa ndani kwa sababu walipendana na msichana wa miaka 17, na baba yake hakupendezwa.

Mwaka 2007 Bunge la Uganda likarekebisha. Unajisi uligawanywa mara mbili. Unajisi wa kawaida ulipewa kifungo kisichozidi maisha, na ukapelekwa kwa hakimu mkuu, karibu na wananchi. Unajisi uliokithiri ulibaki Mahakama Kuu na kubaki na adhabu ya kifo: mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mtendaji akiwa mzazi wake au mlezi wake, au akiwa na virusi vya Ukimwi, au mtoto akiwa na ulemavu. Marekebisho hayo pia yaliwalinda wavulana, ambao sheria ya zamani haikuwataja.

Tena, mwaka 2013, mwaka ule ule wa nyasi za Butula, Uganda ilitoa mwongozo wa hukumu kwa mahakama zake. Kwa ubakaji na unajisi uliokithiri, mwongozo unamtaka jaji aanzie miaka 35, kisha apande au ashuke kulingana na mazingira ya kesi.

Utauliza: kama ni miaka 35, mbona tunasikia hukumu za chini ya hapo? Sababu ziko kadhaa. Mwongozo ni mwongozo, na jaji anaweza kutoka nje yake akieleza kwa nini. Katiba ya Uganda inataka muda wa rumande uzingatiwe. Aliyekaa rumande miaka minne, miaka hiyo huhesabiwa. Vilevile Uganda ina utaratibu wa mshtakiwa kukiri na kukubaliana na upande wa mashtaka juu ya adhabu, uliopewa kanuni rasmi mwaka 2016. Utaratibu huo unapunguza mrundikano wa kesi, na humwondolea mtoto mzigo wa kusimama kizimbani. Lakini pia huzaa hukumu ambazo familia huzisikia kwa mara ya kwanza zikisomwa, na hapo ndipo swali la "hiyo tu?" hutoka kwa uchungu. Upande wa Kenya, sheria ya mapatano ya namna hiyo haiwagusi washtakiwa wa makosa ya ngono.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Turudi ng'ambo ya Busia.

Kenya ilichelewa, lakini ilipoamka ilichagua dawa nyingine. Mwaka 2006 mbunge mteule Njoki Ndung'u alipeleka bungeni mswada wa makosa ya ngono. Mjadala ulikuwa mkali kiasi kwamba wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi baada ya mbunge mmoja kudai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema hapana akimaanisha ndiyo. Hata hivyo mswada ulipita, na Julai 2006 ukawa sheria.

Sheria ile iliziba pengo la mwaka 1930. Iliweka sakafu, yaani kiwango ambacho hakimu haruhusiwi kushuka chini yake. Ubakaji: si chini ya miaka 10. Ubakaji wa genge: si chini ya miaka 15, na unaweza kufika maisha. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo: maisha. Wa miaka 12 hadi 15: si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18: si chini ya miaka 15.

Sheria hiyo ikaongeza jambo ambalo wachache wanalijua, na ningependa ulibebe nyumbani. Ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake mwenye uamuzi wa kuisimamisha kesi ya kosa la ngono. Si polisi wa kituo. Si chifu. Si wazee. Hata mzazi wa mtoto hawezi kuifuta kwa sababu amelipwa.

Basi fanya hesabu nami. Sheria ilikuwapo tangu 2006. Nyasi zilifyekwa 2013. Kwa miaka saba, kifungo cha chini cha miaka 15 kwa ubakaji wa genge kilikuwa kimeandikwa, na nakala yake ilipaswa kujulikana katika kila kituo cha polisi nchini. Sakafu ilikuwa imara. Waliopaswa kusimama juu yake hawakufikishwa mlangoni.

Tena si kwamba polisi hawakuwa wameonywa. Tarehe 27 Mei 2013, takriban mwezi mmoja kabla ya Liz kuvamiwa, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi mkubwa. Kundi la wasichana walionajisiwa walikuwa wameishtaki polisi yenyewe kwa kuyapuuza malalamiko yao. Mahakama ilisema kwamba polisi kukosa kuchunguza haraka na ipasavyo kulivunja haki za watoto hao. Ilisema pia kwamba uzembe huo huwafanya watendaji waone hakuna wa kuwagusa. Wino wa Meru haujakauka, Butula wakagawiwa mafyekeo.

(Kimya kifupi.)

MSIMULIZI: Kesi ya Liz iliishaje?

Baada ya maandamano, ubishi uligeukia neno moja: washtakiwe kwa kumuumiza vibaya mtu, au kwa ubakaji wa genge? Huenda hilo likaonekana jambo la mawakili. Si la mawakili tu. Mashtaka ya kuumiza peke yake yangemwacha hakimu bila ile sakafu ya miaka 15. Hakimu hahukumu asiloletewa. Hati ya mashtaka ikiandikwa kosa dogo, hata hakimu mwenye uchungu kuliko sisi sote atatoa adhabu ya kosa dogo.

Shtaka la ubakaji wa genge liliingizwa. Tarehe 13 Aprili 2015, karibu miaka miwili baada ya usiku ule, mahakama ya Busia iliwafunga wanaume watatu miaka 15 kwa ubakaji wa genge, na miaka 7 kwa kosa la kumuumiza. Watu walishangilia, na wengine wakanung'unika, kwa kuwa miaka 15 ndiyo sakafu yenyewe, kiwango cha chini kabisa. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema walivyosema. Lakini pima umbali: kutoka kufyeka nyasi hadi miaka 15. Umbali huo haukutokana na sheria mpya. Sheria ilikuwa ile ile. Watu waliikazia macho, basi.

Mabishano juu ya sakafu hayakuisha. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji haipatani na Katiba. Baadhi ya majaji wakaona hoja hiyo inahusu pia vifungo vya chini vya makosa ya ngono. Mei 2022 Jaji George Odunga, akiwa Machakos, alisema jaji asifungwe mikono na kiwango cha chini. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilimpunguzia mfungwa mmoja wa unajisi kutoka miaka 20 hadi 15. Hasira ikarudi: sakafu inang'olewa? Tarehe 12 Aprili 2024 Mahakama ya Juu ikaamua: miaka 20 irudi, vifungo vya chini vya sheria ya 2006 ni halali, na anayetaka vibadilishwe aende Bungeni.

Wanaotaka sakafu ilegezwe nao wana la kusema. Mvulana wa miaka 18 na msichana wa miaka 17 waliokubaliana si sawa na genge la Butula, lakini kwa maandishi mvulana yule anakabiliwa na miaka 15. Uganda ilipitia hayo baada ya 1990. Sheria isiyotofautisha humtia hakimu woga wa kutia hatiani, na woga huo nao humwachilia mkosaji halisi.

(Muziki mfupi.)

MSIMULIZI: Msikilizaji, tumetembea karibu miaka mia. Tororo iliwahi kuwa na tishio la kifo, na kesi zikamalizwa kwa ng'ombe. Busia ilikuwa na miaka 15, na kesi ikamalizwa kwa fyekeo. Wingi wa miaka kwenye karatasi haukumsaidia mtoto pale ambapo mlolongo ulikatika mapema. Kwa hiyo hasira yako isingoje siku ya hukumu. Ianze siku ya kwanza, na ishike mambo haya:

Moja. Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120. Aliyeumizwa asioge kabla ya kupimwa kama anaweza kuvumilia, na nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Mbili. Polisi, uliza wameandika neno gani. Upande wa Kenya dai namba ya OB, na usikilize kama kosa limeandikwa ubakaji au unajisi, au "shambulio" tu. Fomu ya daktari ni P3 kwa Kenya na PF3A kwa Uganda. Haiuzwi.

Tatu. Wazee wakiitisha kikao, waambie kwa heshima kwamba wanaweza kupatanisha koo, lakini kesi si yao kuifunga.

Nne. Mtuhumiwa akivuka mpaka, kesi haijafa. Sheria za nchi zote mbili zinaruhusu hati ya kukamata ya upande mmoja iidhinishwe na hakimu wa upande wa pili.

Tano. Hudhuria mahakamani. Shahidi anayeona majirani zake wamekaa nyuma yake huongea kwa sauti nyingine. Upande wa Uganda, muulize mwendesha mashtaka mapema kama kuna mapatano yanayoandaliwa, ili familia isikilizwe kabla ya adhabu kupangwa.

Kwa msaada wa bure, Kenya piga 1195. Kwa mtoto, piga 116, Kenya na Uganda pia.

Wanakijiji wa Butula waliwakamata watatu wakawapeleka kituoni, wakidhani kazi imekwisha. Siku nyingine, tukishawafikisha, tusiondoke pale mpaka tumesoma kilichoandikwa.

 

(Muziki wa kufunga kipindi.)